Momella au Chorlim: hema lako lilale chini ya Meru au chini ya Elgon?

Ukitaka kulala msituni usiku mmoja au miwili, mlima ukiwa juu yako, na huna haja ya kufika kileleni, usianze kwa kuuliza mlima upi ni mrefu zaidi. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya wapitaji. Kambi zake nyingi ni vituo vya njiani: watu wanafika jioni wamechoka, wanakula, wanalala kidogo, na kabla hakujapambazuka wapagazi wanafunga mizigo. Anayeutafuta msitu wenyewe, na nafasi ya kukaa ndani yake bila haraka, atafaidi zaidi kwenye milima miwili inayotajwa kidogo. Mmoja ni Meru, juu ya mji wa Arusha. Mwingine ni Elgon, unaokaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda.

Kwa upande wa Meru nazungumzia kambi za umma za Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa upande wa Elgon nazungumzia kambi zilizo karibu na lango la Chorlim, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, Kenya. Zote mbili gari linafika hadi unapopiga hema, zote mbili zimezungukwa na miti mikubwa, na zote mbili mwananchi wa kawaida anaweza kulala bila kupitia kampuni ya utalii. Hapo kufanana kunaishia. Usiku wa Momella na usiku wa Chorlim havifanani, na ukichagua vibaya utarudi nyumbani unasema kambi si kitu chako, kumbe ulikwenda pasipokufaa.

Ardhi unayolalia

Momella iko upande wa mashariki wa Meru, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Kilele cha mlima kina mita 4,566, kwa hiyo ukuta wa mlima uliosimama mbele ya hema lako una urefu wa karibu kilomita tatu kwenda juu. Na si mlima mzima unaouona. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulianguka, ukamwaga mawe, matope na vumbi hadi mbali kuelekea Kilimanjaro. Kilichobaki ni kreta iliyopasuka upande mmoja mfano wa kiatu cha farasi, na mdomo wake unaelekea huku huku Momella. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ukiendesha kuelekea maziwa ni mabaki ya maporomoko yale, na maziwa yenyewe yametuama kwenye mabonde kati ya vilima hivyo. Ndani ya kreta kuna koni ya majivu, na mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Asubuhi yenye anga safi unageuka upande wa pili na kuiona Kilimanjaro nayo, nyeupe juu ya mawingu. Sijui kambi nyingine inayofikika kwa gari ambako unakunywa chai kati ya milima miwili ya aina hiyo.

Elgon hauna mandhari ya namna hiyo, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Ni volkano iliyozimika zamani sana, pana kuliko ilivyo ndefu. Kilele chake cha juu, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko Uganda. Upande wa Kenya kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Ukiwa Chorlim hukioni kilele. Mteremko ni wa taratibu mno, msitu ni mnene, na kwa siku nzima unaweza usijue kama uko mlimani isipokuwa kwa baridi na kwa barabara inayozidi kupanda. Unachopewa badala yake ni miti. Mierezi mikubwa, mipodo, na mizeituni ya porini inayojulikana kama teki ya Elgon, mingine mashina yake watu kadhaa wanahitajika kuyazungushia mikono. Momella nayo ina miti mikubwa, hasa ukipanda na barabara ya msituni kuelekea kwenye mkuyu ule uliojifunga kama lango, ambao gari linapita chini yake. Lakini msitu wa Momella umechanganyika na mbuga za nyasi na maziwa. Wa Chorlim ni msitu mtupu.

Hifadhi ya Elgon ya upande wa Kenya ilianzishwa mwaka 1968 na ina kilomita za mraba 169. Ya Arusha ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967, na sasa ina kilomita za mraba 552. Ukitazama namba hizo unaweza kudhani kwamba Arusha ndiyo yenye utulivu zaidi kwa kuwa ni kubwa. Ni kinyume chake. Arusha iko karibu na mji mkubwa wa watalii na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na watu wengi huitembelea kwa siku moja kabla ya kwenda Serengeti. Mchana, hasa Jumamosi, kuna magari. Wapandaji wa Meru nao wanaanzia lango lile lile la Momella. Kuna pia barabara inayotumiwa na wananchi kukatiza hifadhi kwenda vijiji vya Ngarenanyuki. Jioni milango ikifungwa wageni wa mchana wanaondoka na msitu unarudi kuwa msitu, lakini mchana usitegemee kuwa peke yako.

Chorlim unaweza kuwa peke yako mchana na usiku. Kitale si mji wa watalii, na wageni wengi wa Kenya wanaishia Naivasha, Nakuru au Maasai Mara. Siku za katikati ya wiki kuna uwezekano mkubwa kwamba hema lako litakuwa pekee kambini. Kwa wengine hilo ndilo wanalolitafuta. Kwa wengine linatisha, na hakuna aibu kusema hivyo.

Usiku

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu wanafikiria mchana. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kambi za Chorlim ziko zaidi ya mita 2,000, na msitu wake una unyevu mwaka mzima. Usiku unaipata baridi inayoingia kutoka chini ya hema, siyo kutoka juu. Blanketi moja la nyumbani halitoshi. Unahitaji begi la kulalia la kweli, godoro la povu au mkeka mnene wa kukutenga na ardhi, soksi kavu ambazo hujazivaa mchana, na kofia ya sufu. Ukiwa na watoto, wavalishe kabla jua halijazama, maana mtoto akishapoa kumpasha joto ndani ya hema ni kazi.

Momella usiku ni wa baridi, lakini ni baridi ambayo familia ya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kuimudu kwa masweta na mablanketi mawili mawili. Mwezi Juni hadi Agosti ndiyo kali. Mawingu hukaa chini, asubuhi ukungu unaweza kufunika mlima hadi saa nne, na jua likitoka linatoka kwa haya. Aliyezoea joto la pwani na akaenda Momella mwezi Julai na shuka tu atalala ameketi.

Kisha kuna sauti. Misitu yote miwili ina perere, mnyama mdogo wa mtini asiyemzidi sungura kwa ukubwa, na usiku hulia kwa sauti inayoanza kama mlango mkavu unaofunguliwa, ikapanda taratibu, ikaishia kwa makelele kama ya mtu anayekabwa. Asiyeambiwa huamka na kushika panga. Waambie wenzako kabla hawajalala, hasa watoto, na kama inawezekana wafafanulie mnyama mwenyewe alivyo mdogo. Alfajiri mbega wanaanza kuunguruma, kundi moja likijibu lingine kutoka mteremko wa pili, na baada yao hondohondo wanapita juu ya miti kwa mabawa yanayovuma. Hizi sauti zipo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Chorlim husikii kingine chochote. Momella, upepo ukielekea kwako, unaweza kusikia pikipiki ya mbali au mbwa wa kijijini.

Wanyama wa kuogopwa ni nyati kwanza. Sehemu zote mbili wapo, na Momella wako karibu zaidi, kwa sababu nyasi zinazozunguka kambi ni malisho yao. Simba hawaishi Hifadhi ya Arusha, jambo ambalo huwatuliza wazazi wengi, lakini utulivu huo usiwafanye watembee gizani. Chui na fisi wapo. Tembo wapo pande zote mbili, na ndiyo sababu usilale na ndizi wala maembe ndani ya hema. Vyakula vyote viwe ndani ya gari, vioo vimefungwa, mchana na usiku. Mchana kwa ajili ya nyani na tumbili, usiku kwa ajili ya wakubwa. Ukibanwa na haja usiku wa manane, fungua zipu kidogo, zungusha tochi kwanza, tafuta macho yanayong'aa. Ukiyaona, ngoja. Ndoo yenye mfuniko ndani ya hema la familia ni jambo la busara kabisa na watu wenye uzoefu wanaitumia.

Maji, ambayo watu huyasahau

Nitakaa hapa kidogo, maana hakuna kinachozitofautisha kambi hizi mbili kama maji.

Mito na chemchemi za upande wa mashariki na kaskazini wa Meru zina floraidi nyingi sana. Inatoka kwenye miamba ya volkano na majivu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya eneo la Ngarenanyuki yanazidi kiwango hicho mara nyingi. Matokeo yake yanaonekana kwa wenyeji: meno yaliyobadilika rangi kuwa ya kahawia tangu utotoni, na kwa walioyanywa miaka mingi, mifupa na viungo vilivyokaza. Ni mateso ambayo wageni wanaopita na kamera hawayaoni.

Mgeni wa siku mbili hatapata ugonjwa huo, kwani unatokana na miaka ya kunywa. Lakini mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka sioni sababu ya kumnywesha maji hayo hata kwa siku moja, hasa pale ambapo kubeba maji mengine ni rahisi. Jambo la muhimu kulijua ni kwamba kuchemsha hakusaidii. Floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuongezeka nguvu. Vidonge vya kutibu maji navyo haviiondoi, wala vichujio vya kawaida vya wapanda milima. Kwa hiyo Momella unakwenda na maji yako ya kunywa na ya kupikia kutoka mjini, kwenye madumu, na ya bombani au mtoni unayaacha kwa kuosha vyombo na kunawa. Weka hesabu ya lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja, hutajuta.

Elgon tatizo ni la aina nyingine. Vijito vinashuka kutoka kwenye msitu na nyika za juu, maji ni baridi na matamu, lakini wanyama wanayaingia na huko juu mifugo pia. Hapo moto unatosha. Yachemshe hadi yatokote vizuri, au tumia kichujio, na yanafaa. Kwa maneno mengine, Chorlim unaweza kukaa siku tatu bila kubeba maji mengi, mradi una gesi ya kutosha ya kuchemshia.

Lakini usifike lango la Chorlim na katoni ya maji ya chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja ndani ya hifadhi zake: chupa za maji, vikombe, sahani na mirija. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima mwaka 2017. Tanzania nayo iliipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Dumu gumu la lita 20 linalorudishwa nyumbani linakubalika pande zote mbili, na ni sheria nzuri. Aliyeona mbega akitafuna mfuko hataibishia.

Na kwa kuwa nimelitaja eneo la Ngarenanyuki, kuna jambo ambalo anayelala Momella anapaswa kulijua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka kwenye ardhi yao ya huko ili kuwapa walowezi wa Kizungu. Wameru hawakunyamaza. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyaeleza madai yao. Ardhi hii ina historia nzito katika safari ya uhuru wa Tanganyika, na ningependa kila mzazi anayewapeleka watoto wake kuona twiga wa Momella awaeleze pia habari hiyo, wakiwa papo hapo.

Mchana utafanya nini

Momella mchana umejaa. Kutembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha hadi maporomoko ya Tululusia ni matembezi ambayo hata mtoto wa miaka minane anayaweza, na njiani unapita karibu na twiga na nyati katika nyasi zilezile unazokanyaga. Maziwa ya Momella yana flamingo kwa misimu, na katika ziwa dogo hukodishwa mitumbwi. Kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita 3 hivi, unaizunguka kwa gari ukingoni na kuitazama kwa juu. Kushuka hakuruhusiwi, na hivyo wanyama walioko chini wanaishi kwa amani yao. Karibu na lango la Ngongongare kuna uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo, wenye pundamilia, ngiri na twiga wengi. Usichoweza kufanya ni kupanda Meru kama matembezi ya siku. Upandaji ule unachukua siku tatu au nne, unalala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, una malipo yake na askari wake, na ni safari tofauti kabisa na hii.

Elgon kwa jambo hili inashinda, kwa mwenye miguu na gari zuri. Barabara ya hifadhi inapanda kutoka msituni, inapita mianzi, hadi kwenye nyika ya juu, na kutoka mwisho wa barabara hiyo kilele cha Koitobos kinafikika kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Unakwenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unaondoka alfajiri, na jioni umerudi kwenye hema lako. Tahadhari ni moja: kutoka kambini hadi mita 4,222 kwa siku moja ni kupanda kwa kasi. Kichwa kikianza kuuma sana na kichefuchefu kikaja, geuka ushuke. Usimsikilize anayekwambia vumilia.

Lakini kinachowapeleka wengi Elgon ni mapango. Kitum ndilo maarufu, na Makingeny na Chepnyalil yako karibu. Kitum linaingia mlimani kiasi cha mita 200, na kuta zake zimechimbwa kwa meno ya tembo. Kizazi baada ya kizazi tembo wa Elgon wameingia humo gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, ili kung'oa mwamba wenye chumvi, kuusaga na kuumeza. Mvua nyingi za mlimani huosha chumvi kwenye udongo na majani, kwa hiyo wanyama huifuata ilipo. Alama za meno ukutani zinaonekana wazi, na kwangu mimi ni moja ya mambo ya ajabu kabisa katika Afrika Mashariki. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza tembo hawa vibaya, na hivyo kuwakuta ndani ni bahati.

Sasa sikiliza vizuri. Ndani ya mapango hayo wanaishi popo wala matunda, na popo wa aina hiyo hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Mwaka 1980 na tena 1987 watu wawili waliougua Marburg wakafariki walikuwa wametembelea pango la Kitum siku chache kabla ya kuugua. Wageni wengi wameingia na kutoka salama, na sisemi usiende. Nasema simama mdomoni, pana na penye mwanga, tazama kuta zilizochimbwa, na ishia hapo. Usiingie ndani gizani walikojaa popo, usishike kuta wala kinyesi chao, usikalie mawe ya ndani, usiwaruhusu watoto kukimbia humo. Anayelazimika kuingia kwa kazi avae barakoa na glavu. Kama unajua kwamba watoto wako hawashikiki, liache pango, uende msituni. Momella haina hatari ya namna hii, na kwa familia yenye watoto wadogo hilo peke yake linaweza kuamua.

Kufika na kulipa

Kutoka Arusha mjini hadi lango la Ngongongare ni mwendo wa chini ya saa moja: barabara kuu ya Moshi, unakata kushoto baada ya Usa River. Gari dogo linafika wakati wa kiangazi. Kutoka Nairobi unaingilia Namanga, na ukiondoka asubuhi unapiga hema kabla ya jua kuzama.

Chorlim unafika kupitia Kitale, kilomita 380 hivi kutoka Nairobi, kisha Endebess. Kipande cha mwisho ni udongo, na udongo wa Elgon mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kwa msimu wa mvua usijaribu bila gari lenye kuendesha magurudumu yote manne. Nunua chakula, gesi na mboga Kitale. Soko lake lina kila kitu na bei ni nafuu, kwani Trans Nzoia ni nchi ya mahindi.

Malipo kwa kila hifadhi yana sehemu mbili: kiingilio cha saa 24 kwa kila mtu, na ada ya kupiga kambi kwa kila usiku, juu yake gari. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini kabisa kuliko mgeni wa nje, basi usisahau kitambulisho au pasipoti. Pesa taslimu hazipokelewi langoni: Kenya unalipa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, Tanzania kwa simu, kadi au benki kwa namba ya malipo unayopewa. Viwango hubadilika, kwa hiyo vitazame kwenye tovuti ya KWS, au ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, wiki unayosafiri. Jambo dogo lenye faida: kwa kuwa kiingilio ni cha saa 24, ukiingia saa sita mchana na kutoka kabla ya saa sita kesho yake, usiku mmoja unakugharimu kiingilio kimoja. Ukiingia asubuhi mapema na kutoka mchana wa kesho, unalipa viwili.

Mwezi gani

Hili ndilo litakalowaamulia wengi. Momella ina masika Machi hadi Mei, na vuli Novemba na Desemba. Miezi mizuri ni Januari na Februari kwa joto na anga safi, au Juni hadi Oktoba kwa ukavu, ukikubali baridi na ukungu wa katikati ya mwaka. Likizo ya shule ya Juni kwa watoto wa Tanzania inaangukia vizuri hapo.

Elgon iko magharibi na mvua zake ni ndefu. Kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba mara nyingi mchana unaanza na jua na kuishia na mvua kubwa. Miezi yake ni Desemba hadi mapema Machi. Likizo ndefu ya Kenya ya Novemba na Desemba inakaribia kuikuta barabara imekauka. Agosti, ambayo Wakenya wengi huichagua kwa sababu watoto wako nyumbani, siishauri kwa Chorlim hata kidogo, ila kwa Momella ni sawa.

Kuhusu Mlima Kenya, na Uganda

Wapo watakaosema nimeuacha mlima mzuri kuliko yote. Mlima Kenya una msitu wa ajabu, na upande wa Chogoria unaweza kufika kwa gari hadi karibu na Ziwa Ellis, kwenye kimo kinachokaribia mita 3,500. Lakini huko si msitu tena. Ni nyika ya juu, maji yanaganda usiku, na mtu aliyetoka pwani jana yake ataumwa kichwa. Old Moses, upande wa Sirimon, iko mita 3,300 na ni kituo cha wapandaji. Aliyewahi kupiga kambi na ana vifaa vya baridi aende kwa furaha. Asianzie huko.

Wasomaji wa Uganda wana Elgon yao wenyewe, wala hawana haja ya kuvuka mpaka. Kituo cha msituni cha Kapkwai, karibu na maporomoko ya Sipi, kina kambi na njia za mzunguko za kutembea kwa saa chache, na kwa usiku wa kwanza wa hema ningekipendekeza kabla ya Chorlim.

Uchaguzi wangu

Kwa mtu anayepiga hema kwa mara ya kwanza, kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka kumi, kwa wazazi wazee wanaotaka kuona twiga na mlima bila kuteseka, kwa mwenye gari dogo: Momella, Januari au Septemba, siku za katikati ya wiki, na madumu ya maji nyuma ya gari. Sina shaka juu ya hilo.

Kwa wawili watatu wenye uzoefu, wenye gari la nguvu na mabegi ya kulalia ya kweli, ambao wamechoka na kelele na wanataka kusikia msitu wenyewe usiku kucha: Chorlim, Januari au Februari, usiku mitatu na si mmoja, siku moja kwa Koitobos, moja kwa mapango ukiwa mdomoni, na moja ya kukaa tu chini ya miti. Hapa ndipo mimi ningekwenda kesho kama ningeambiwa nichague, kwa sababu misitu ya mwerezi ya aina ile imebaki michache, na ningependa watu wetu wengi zaidi waijue kwa kuilalia, ili siku mtu akija na msumeno wawepo wa kuitetea.

Ukiwa katikati, yaani una uzoefu kidogo na watoto wa shule ya upili, anza na Momella usiku miwili. Wakilala vizuri baada ya kumsikia perere, msimu wa kiangazi unaofuata wapeleke Elgon. Na kabla ya safari yoyote kati ya hizo, lipige hema uani kwako jioni moja, ulimwagie ndoo mbili za maji, uone linavujia wapi.